Oda ya vyakula ikija nje ya muda mliopatana: inayowahi ina hasara kuliko inayochelewa

Kapu Tupu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Watu wakilalamikia oda za vyakula, kilio ni kuchelewa tu. Mimi inayoniumiza ni ile inayowahi. Umechagua saa 10 hadi saa 11 jioni kwa sababu ndiyo saa utakayokuwa nyumbani. Saa 8:15 mchana simu inaita, namba huijui, uko kwenye kikao, hupokei. Saa 8:20 unaingia ujumbe: "Oda yako imefikishwa. Asante kwa kutuamini." Imefikishwa kwa nani? Kwa mlango. Kuku, maziwa, mtindi, samaki wa barafu, vyote viko nje kwenye mfuko, jua linavipiga mpaka urudi.

Sasa chukua inayochelewa. Gari lenye mtambo wa ubaridi likikawia saa mbili, utanuna, watoto watalala wamekula mkate, lakini nyama itashuka garini ikiwa na baridi yake. Ile iliyowahi, ubaridi unakatika pale tu gari linapogeuza. Na ukiwapigia huduma kwa wateja wanakujibu kwa bashasha kwamba oda yako "ilifika kabla ya muda", kana kwamba wamekufanyia hisani.

Kwa nini inatokea? Wengi tunadhani dereva kajiamulia. Kwenye kampuni kubwa njia inapangwa na programu, na hesabu yake si ya kitoto: nyumba 10 tu zinaweza kupangwa kwa mifuatano 3,628,800, na hapo bado hujaweka sharti kwamba huyu anataka asubuhi na yule jioni. Hesabu hizi zilikuwepo kabla ya simu janja. Dantzig na Ramser waliandika juu yake mwaka 1959, wao wakiwa na malori ya petroli yanayozunguka vituoni. Sasa programu ikishapanga, mteja wa katikati akaghairi, linabaki pengo. Gari halitakaa kulisubiri lipite. Linasogea, na wewe uliyekuwa wa saa 10 unakuwa wa saa 8.

Kuchelewa nako kuna chanzo. Kila nyumba imetengewa dakika chache. Hapa lifti ni mbovu, pale mlinzi anataka kitambulisho, mbele kidogo kuna mteja anayekagua mayai moja moja. Dakika zinazoliwa kwa mmoja wanazilipa wote wanaofuata. Ndiyo maana kipindi cha kwanza cha asubuhi ndicho ninachokiamini: hakuna aliyetangulia kukuchelewesha, na gari ndiyo kwanza limetoka ghalani. Kama una vitu vya baridi, kamata hicho hata kama utatoka na kanga au taulo.

Na msidanganyike na kipindi kifupi. Kule Marekani ilikuwepo kampuni ya Webvan, ilianza kuhudumia wateja mwaka 1999 ikiahidi kufika ndani ya kipindi cha nusu saa. Mwaka 2001 ikafilisika. Ilijitanua kwa pupa na maghala yake yalikuwa ya gharama kubwa, hayo ndiyo yaliyoimaliza zaidi, lakini ile nusu saa haikuwasaidia. Anayekuahidi dakika chache leo anafanya biashara ileile ngumu.

Ninavyojipanga sasa. Vitu vikavu (unga, mchele, sabuni, mafuta, karatasi za chooni) naagiza kwa mkupuo mmoja na vije saa yoyote vinayotaka. Vya baridi vinakuja peke yake, vichache, kipindi cha kwanza. Najua mtasema ada ya kuletewa inalipwa mara mbili. Inalipwa, ila vikavu haviagizwi kila wiki, na kuku mmoja aliyetupwa anazidi hiyo ada.

Kwenye maelekezo siandiki barua. Naandika hivi: "Usiache mlangoni bila mtu. Ukiwahi, piga simu kwanza. Usiponipata, rudi ndani ya muda niliochagua." Agizo kuu liko mwanzo kwa makusudi, maana dereva anasoma huku anashuka garini. Ukianza na "habari, nyumba yetu ina geti la bluu, ukifika uulize", lile la maana hatalifikia.

Ikishaharibika, kabla hujagusa mfuko chukua picha pale ulipo. Piga picha ya skrini inayoonyesha muda uliochagua, na nyingine ya simu zilizoingia. Hii ya tatu wengi wanaisahau, na ndiyo yenye nguvu. Kitufe cha "imefikishwa" kinaweza kubonyezwa dereva akiwa bado barabarani, au baadaye, ili kumbukumbu zikae vizuri. Simu iliyoingia kwako saa 8:15 hakuna wa kuihamisha.

Kisha ujumbe. Huu ndio ninaotumia, chukueni:

"Oda namba (andika namba). Muda mliothibitisha: saa 10 hadi 11 jioni. Imeachwa mlangoni saa 8:20 mchana bila mtu wa kuipokea. Kuku, maziwa na samaki nimevikuta na nyuzi joto 17. Naomba kurejeshewa fedha za bidhaa hizi tatu pamoja na ada ya kuletewa, kwa njia ileile niliyolipia. Picha nimeambatisha."

Hakuna "mmenisikitisha sana", hakuna "mimi ni mteja wenu wa muda mrefu". Na hayo maneno "kwa njia ileile niliyolipia" msiyaondoe. Ukiyaondoa utapewa vocha, na vocha maana yake uagize kwao tena.

Karibuni wadau, hasa mliowahi kuendesha hayo magari.

Kona ya Mwisho

Mkuu, haya ni matatizo ya watu walioshiba. Beba kikapu, nenda sokoni, rudi. Mods wafunge uzi.

Magurudumu

Kona ya Mwisho, mimi natembelea kiti cha magurudumu, soko lenyewe lina ngazi. Msaidizi wangu anakuja saa 4 asubuhi anaondoka saa 6 mchana. Ndani ya hizo saa mbili ndipo mifuko inabebwa, vitu vinapangwa kwenye friji, mafuta yanawekwa mahali mkono wangu unapofika. Oda ikija saa 7 mfuko unabaki kwenye korido na mimi nauangalia. Kwa hiyo nikichagua saa, ujue sijajichagulia starehe.

Mleta uzi ana hoja ila kwangu kuwahi na kuchelewa ni mamoja. Vyote vinanikuta sina mtu.

Kona ya Mwisho

Hapo nimekuelewa, dada. Naendelea kusoma kimya kimya.

Dereva wa Zamani

Nimeitwa, nimekuja.

Mleta uzi kasema kweli kuhusu pengo la aliyeghairi. Kaacha mengine. Gari tulilokuwa nalo lilikuwa na sehemu tatu: vitu vya kawaida, vya friji, na vya barafu. Kila ukifungua mlango joto linaingia, na kwenye mizunguko mirefu mlango unafunguliwa nyumba baada ya nyumba. Wateja wa mwisho wa siku wanapata baridi iliyochoka. Kwa hiyo hilo la "inayochelewa ni salama" lisichukuliwe kama msahafu. Na hilo ni gari kubwa. Kuna wanaoleta kwa pikipiki, kuna gari la kawaida lenye mabegi ya kuhifadhi baridi na vipande vya barafu ndani. Begi halitengenezi baridi, linaichelewesha tu isitoroke. Hapo saa mbili za kukawia zinauma.

La pili, pokeeni simu! Siku umeagiza, kila namba ngeni ipokee. Mimi nikiwa nimewahi nilikuwa napiga. Akipokea akasema "bado sijafika", naruka naenda nyumba nyingine nikirudi baadaye kama njia inaruhusu. Asipopokea, nina mawili: niache au nirudishe ghalani. Kurudisha kuna maswali mengi ofisini kuliko kuacha. Siwatetei, nawaambia kinachomfanya dereva aweke mfuko chini.

La tatu, kunifokea mimi hakubadilishi kitu. Saa sikuipanga. Ila ukiniomba kwa ustaarabu "kaka, andika kwenye mfumo kwamba nimekataa kuku na samaki kwa sababu ya joto", naandika mbele yako. Hilo andiko likishaingia, mtu wa huduma kwa wateja hana cha kubishana. Wateja wengi hawajui kwamba unaweza kukataa bidhaa mbili tatu ukapokea zilizobaki. Wanadhani ni kupokea yote au kurudisha yote.

Kapu Tupu (mleta uzi)

Shukrani, mkuu. Ndiyo maana niliandika "gari lenye mtambo wa ubaridi". La begi nakubaliana nawe asilimia zote, na kwa anayeletewa na pikipiki ushauri wangu ni kwamba nyama na samaki wasiwemo kabisa kwenye oda ya mchana.

Hilo la kukataa nusu nimelipenda. Je, ukishaweka sahihi au kutaja namba ya siri ya kupokelea, bado inawezekana?

Dereva wa Zamani

Inawezekana, ila inakuwa maneno yako. Kabla ya kutaja namba ya siri fungua mifuko ya baridi. Dakika moja inatosha. Gusa katikati, usiguse juu, juu siku zote ni pa joto zaidi.

Jiko la Hoteli

Nafanya kazi ya kupokea mizigo jikoni, naomba niongee kidogo kuhusu joto, maana naona watu wanahesabu saa tu.

Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vinavyoharibika vikae chini ya nyuzi 5, vilivyopikwa vikisubiri kuliwa vibaki juu ya 60, na chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Katikati ya 5 na 60 ndipo bakteria wanapozaliana. Wizara ya Kilimo ya Marekani nayo inatumia saa 2 kwa vyakula vinavyoharibika, ila hewa ikizidi nyuzi 32 inashuka hadi saa 1. Kwa hiyo mfuko ulioachwa juani mchana una saa moja, basi.

Lakini saa hiyo inaanza lini? Si pale ulipofungua mlango. Inaanza pale bidhaa ilipotoka kwenye baridi, na hiyo huijui. Ndiyo maana nunueni kipimajoto cha jikoni chenye sindano. Usitoboe pakiti. Chukua pakiti mbili za nyama au maziwa, zibananishe pamoja, ingiza sindano katikati yake, subiri namba itulie. Ikiwa 4 au 5, weka kwenye friji hata kama oda imechelewa nusu siku. Ikiwa 17 kama ya mleta uzi, hata oda iwe imefika kwa dakika, kataa.

Macho nayo yanasaidia. Njegere za barafu zitikise: zikicheza kama kokoto ziko sawa, zikiwa bonge moja ziliyeyuka zikaganda tena. Aiskrimu iliyoyeyuka ikagandishwa upya huwa imebonyea upande mmoja na ina chembe za barafu juu. Pakiti ya nyama yenye barafu iliyojikusanya chini, mwangalie aliyekuletea.

Pua msiiamini. Bakteria wengi wanaoleta ugonjwa hawabadilishi harufu wala rangi ya chakula. Na "nitachemsha sana" haiokoi kila kitu. Kuna bakteria anaitwa Staphylococcus aureus, sumu yake haiharibiki kwa moto wa kupikia. Samaki kama jodari na vibua wakikaa kwenye joto wanatengeneza histamini, na hiyo huiondoi kwa kupika wala kwa kugandisha. Jodari wa joto usimwonee huruma.

Mama Pacha

Jiko la Hoteli, swali. Nyama ya barafu imefika nje imelainika, ndani bado ngumu. Nairudisha friza au napika usiku huohuo? Nimebaki naiangalia tu.

Jiko la Hoteli

Kama bado ina chembe za barafu ndani, au kipimo kinasoma chini ya 5, unaweza kuigandisha tena, mama. Itapoteza maji na utamu kidogo, haitakudhuru. Kama yote imelainika na hujui ilikaa nje muda gani, itupe na udai. Maziwa ya unga ya watoto hayana shida hii, hayo ni vikavu. Maziwa ya maji yaliyofunguliwa kwa ajili ya mtoto usicheze nayo.

Mama Pacha

Ina barafu katikati. Narudisha friza. Asante, ubarikiwe.

Kifungu Kidogo

Wakuu, upande wa haki. Sheria zinatofautiana, soma ya nchi yako, ila kuna namna mbili za kufikiri zinazosaidia popote.

Umoja wa Ulaya una Maelekezo ya mwaka 2011 ya haki za mlaji, na Uingereza ina sheria yake ya mwaka 2015. Zote mbili zinatofautisha muda wa kawaida na muda ulio wa lazima. Muda ukiwa wa kawaida, muuzaji akikosa kuleta unampa nafasi nyingine. Ukiwa wa lazima, na yeye alijua hivyo kabla hamjafunga biashara, akiukosa una haki ya kuvunja palepale na kurudishiwa fedha. Sasa Magurudumu, sikia hapa: hali yako ndiyo muda wa lazima, ila lazima wajue mapema. Andika kwa maandishi kabla ya kulipa: "Msaidizi wangu yupo saa 4 hadi saa 6 pekee, nje ya hapo siwezi kupokea." Ukiyasema baada ya kuharibika yanakuwa malalamiko. Ukiyasema kabla yanakuwa sehemu ya makubaliano.

Namna ya pili ni kujiuliza mzigo ni wa nani ukiwa mlangoni. Kwa sheria hizo mbili, hatari ya kupotea au kuharibika inabaki kwa muuzaji mpaka bidhaa ziwe mikononi mwako au mwa mtu uliyemtaja. Mlango si mtu. Isipokuwa, na hapa ndipo wengi wananaswa, kama wewe mwenyewe uliweka tiki kwenye "acha mlangoni kama sipo". Nendeni mkaangalie, programu nyingine inakuja na tiki hiyo imeshawekwa.

Na ile haki ya kurudisha bidhaa ndani ya siku 14 uliyoizoea kwenye nguo na simu haigusi vyakula vinavyoharibika haraka. Usiitaje kwenye malalamiko, watakujibu kwa hiyo hiyo na kuacha mengine.

Kapu Tupu (mleta uzi)

Nimeangalia sasa hivi, tiki ilikuwepo. Sikuiweka mimi. Nimeitoa na nimepiga picha ya skrini.

Mpita Njia

Na wale wanaoandika kwenye masharti kwamba "muda ni makadirio"?

Kifungu Kidogo

Yapo hayo. Ila angalia kama kipindi kile unakilipia. Kama saa ya jioni ina bei yake na saa ya mchana ina bei nyingine, au ya mchana ni bure, basi wamekuuzia muda. Mtu hauzi kitu halafu akasema kilikuwa makadirio. Hoja hiyo peke yake inatosha kudai ada ya kuletewa, hata kama vyakula vyote vimefika vizima. Na kama ulilipa kwa kadi, muuzaji akakaa kimya, benki nyingi zina utaratibu wa kupinga malipo. Zile picha za mleta uzi ndizo watakazoziomba.

Magurudumu

Kifungu, nimeshaandika kwenye akaunti yangu kama ulivyosema. Wamejibu: "Tumepokea maoni yako." Haya.

Ila nina swali. Nikimtaja jirani apokee kwa niaba yangu, halafu vitu viharibike kwake?

Kifungu Kidogo

Uliyemtaja akipokea ni sawa umepokea wewe. Kilichoharibika baada ya hapo si cha muuzaji tena. Kwa hiyo usitaje jirani kwa sababu ni mtu mwema tu. Mtaje anayeshinda nyumbani, atakayekubali kugusa mifuko kabla ya kutoa namba ya siri, na mwenye nafasi kwenye friji.

Dereva wa Zamani

Na mwambie jirani kwamba umemtaja! Nimewahi kugonga mlango, mzee akatoka akasema hamjui huyo mtu. Walikuwa wanaishi ukuta kwa ukuta.

Magurudumu

Wa kulia anashinda nyumbani ila friji yake imejaa soda tupu. Wa kushoto friji anayo kubwa, ila anarudi usiku. Naenda kuongea na wa kulia apunguze soda.